Zeze la Kufungia Kipindi

Bwana Salmini, mwenye duka kando ya barabara ya zamani ya kwenda Ujiji, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuleta redio mtaani Cheyo, mjini Tabora, na hakuwa mtu wa kuifaidi peke yake. Kila Jumatano jua likianza kupoa aliitoa nje, akaiweka barazani juu ya gunia la chumvi, akaunga nyaya za betri, na watu wakaja. Walikuja wakulima wa karanga, mafundi cherehani, vibarua wa reli, na wanawake waliotoka kisimani na ndoo zao kichwani.

Kipindi walichokijia kiliitwa Mazungumzo ya Jumatano. Kilitoka Dar es Salaam, kikieleza habari za kilimo, za visima, za magonjwa ya watoto, na mara nyingine kichekesho cha kuwachangamsha watu. Kilifunguliwa kwa muziki wa tarumbeta. Tarumbeta zile kila mtu mtaani alizijua. Watoto waliziigiza kwa midomo wakienda kuteka maji, na fundi mmoja wa cherehani alikuwa hawezi kushona kola bila kuzipiga mluzi.

Muziki wa kufungia hakuna aliyeujua. Mtangazaji akishasema kwaherini, Bwana Salmini alizima papo hapo. Betri zilikuwa adimu, tena wakati wa magharibi ulikuwa umekaribia na yeye alikuwa na udhu wake wa kutia. Maneno yakiisha, watu waliinuka, wakakung'uta nguo, wakaagana.

Miongoni mwao alikuwamo Pelagia, mjane, aliyekuwa akiuza vitumbua pale barazani. Siku nyingine alimsaidia Bi Saleha, mke wa Bwana Salmini, kutwanga mpunga, na kwa hiyo alikuwa kama mtu wa nyumba ile. Alikuwa na binti mmoja, Flavia, ndiyo maana watu wengi walimwita Mama Flavia. Jina la Pelagia alilipata kwa ubatizo, alipoolewa na marehemu Alois, aliyekuwa mpishi wa mapadre wa Kipalapala. Jina la nyumbani, alilopewa kwa sababu alizaliwa mvua ikinyesha, lilikuwa Kabula. Tangu mama yake afariki hapakuwa na mtu wa kumwita hivyo.

Palikuwa na mmoja ambaye angemwita, kama angekuwapo. Masolwa, kaka yake, ndiye aliyemlea baada ya baba yao kufa. Alimbeba mgongoni akienda kuchunga, akamfundisha kutega kware, na jioni akampigia zeze mpaka alale. Kisha vita vya Hitla vilipokwisha, Masolwa alijiandikisha manamba, akaenda kukata mkonge. Hakuna aliyeshangaa. Mnyamwezi kwenda pwani ni jambo la mababu. Babu yao mwenyewe aliifuata njia ile ile akiwa na pembe ya ndovu begani, akarudi na nguo na hadithi. Masolwa alisema atarudi mkataba ukiisha. Hakurudi, na habari zake hazikurudi. Mwaka mmoja mama yao aliugua akafa. Haukupita muda, serikali ikasema pori limejaa ndorobo na watu wanakufa kwa malale, ikawahamisha watu wa kijiji chao, huyu huku, yule kule. Ndipo Pelagia akaja mjini.

Hakuwa mtu wa kulia hadharani. Kila Jumapili kanisani aliwaombea marehemu wake kwa majina, na akifika kwa Masolwa alinyamaza kidogo, kwa kuwa hakujua amweke upande gani, wa wazima au wa wafu.

Basi Jumatano moja, mtangazaji alipokuwa akiaga, akatokea mtu na madebe ya asali akitaka yapimwe kabla giza halijaingia. Bwana Salmini akaenda kwenye mizani. Redio ikabaki inasema. Watu walikuwa wamekwisha kuinuka. Pelagia alikuwa ameinama akikusanya majani ya migomba aliyofungia vitumbua, na ndivyo alivyokuwa aliposikia zeze.

Lilianza polepole, kama mtu anayejaribu uzi. Kisha wimbo ukaingia, na kati ya kipande na kipande mpigaji akawa anagonga kibuyu cha zeze kwa kifundo cha kidole, mara mbili, halafu kimya, halafu mara moja. Pelagia alisimama wima na majani mkononi. Ulikuwa wimbo wa mama yake wa kutwangia mtama. Mama yao alikuwa akitwanga hivyo: mara mbili, anapumzika kugeuza mtama kwa mkono, halafu mara moja kwa nguvu. Masolwa alikuwa na desturi ya kumwigiza kwa kugonga kibuyu, na mama alikuwa akicheka na kumrushia pumba.

Bwana Salmini alirudi, akanyoosha mkono kwenye kinobu cha kuzimia.

"Usizime, Bwana," Pelagia akasema. "Tafadhali."

Lakini zeze lilikuwa limekwisha kukatika lenyewe, na sauti nyingine ikaanza kusoma habari. Bwana Salmini alimtazama. Hakuwahi kumsikia mwanamke yule akitoa amri.

"Una nini, Mama Flavia?"

"Huyo aliyepiga zeze ni kaka yangu."

Mzee mmoja aliyeitwa Mahona, aliyekuwa bado anatafuta kandambili zake, akasema, "Wapiga zeze ni wengi, mama. Hata mimi napiga."

"Wapigaji ni wengi," Pelagia akajibu. "Lakini mama yetu alikuwa mmoja."

Bi Saleha aliyasikia maneno hayo kutoka mlangoni. Akatoka, akamshika mkono, akampeleka uani na kumketisha kwenye mkeka. Pelagia akamsimulia yote. Bwana Salmini naye alipotoka kuswali akaja kukaa nao. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Sitaki kukukatisha tamaa. Ila sauti ikishatiwa kwenye santuri inabaki kama ilivyo. Mwenyewe huenda..."

"Salmini," mkewe akasema.

"Nasema tu ajue."

"Najua, Bwana," Pelagia akasema. "Nimelifikiri hilo kabla hujalisema. Hata kama amekufa, leo nimemsikia. Jana sikuwa na hata hilo."

Jumatano iliyofuata, habari ilikuwa imeenea mtaa mzima. Watu walikuja wengi kuliko siku zote, na mtangazaji alipoaga hakuna aliyeinuka. Bwana Salmini aliketi, mikono magotini, mbali na kinobu. Zeze likaanza. Safari hii Pelagia aliketi karibu kabisa, kichwa amekiinamisha. Baada ya kipande cha kwanza, sauti ya mwanamume ikaanza kuimba kwa Kinyamwezi, sauti nzito, ya mtu asiye na haraka. Mama yao alipotwanga alizoea kuwataja watoto wake mmoja mmoja kwa kufuata walivyozaliwa, akiwaita waje wale. Sauti ile ikaita: Masolwa. Ikagonga kibuyu. Ikaita: Lugembe. Na hapo pakakatika, habari zikaanza kusomwa.

Pelagia akainua uso.

"Lugembe alikuwa wa katikati," akasema. "Alizikwa kabla hajaota meno, mimi sijazaliwa bado. Hakuna mtu duniani anayelijua jina lake ila Masolwa na mimi."

Mahona alivua kofia yake. "Mama, nisamehe," akasema. "Huyo ni wenu."

Soud, mpwa wa Bwana Salmini, alikuwa na desturi ya kwenda Dar es Salaam kuchukua bidhaa za duka. Safari yake ilikuwa mwisho wa mwezi. Bwana Salmini akaamua iwe wiki ile ile, tena akasema Pelagia aende pia, kwa sababu Soud hata akimkuta mtu huyo hataweza kumtambua. Nauli hakutaka izungumzwe. Bi Saleha alimpa doti ya kanga mpya na shuka la kujifunika kwenye treni. Wanawake wa jumuiya yake ya kanisa walikaanga karanga, wakachemsha mayai na viazi, na wakamchukua Flavia wakae naye. Pelagia alipokea vyote hivyo kwa mikono miwili, akasema asante, nayo aliiona ndogo.

Alikuwa hajapata kupanda treni. Walipopita Kigwa bado alikuwa ameshika ukingo wa benchi. Baada ya hapo alizoea, akatazama nje: pori, stesheni, wauza kuku, halafu pori tena, na nyika kavu ya Ugogo isiyoisha. Kila mara alifikiri kwamba Masolwa aliyaona haya haya, akiwa kijana, akienda asikokujua. Milima ilipoanza, na baada yake mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa mistari mpaka macho yanapochoka, hakuweza kula tena.

Dar es Salaam walikwenda moja kwa moja penye studio za redio. Mlinzi wa mlangoni alisema watu hawaingii hivi hivi. Soud alikuwa bado anambembeleza, mtu mmoja mwembamba mwenye miwani akatoka ndani akiongea na mwenziwe, na Pelagia akapiga goti palepale kwenye ngazi. Sura hakuijua. Sauti aliijua.

"Shikamoo, baba," akasema. Mtu yule huenda alikuwa mdogo kuliko yeye.

"Inuka, mama. Marahaba. Umetoka wapi?"

"Tabora. Nimefuata zeze lako la mwisho."

Mtangazaji aliwatazama wote wawili, akaona vumbi la safari miguuni mwao, akawaingiza ndani. Chumba kilikuwa na baridi na ukimya usio wa kawaida. Soud alieleza. Alipomaliza, mtangazaji alivua miwani, akaipangusa, akairudisha.

"Nitakwambia kitu, mama," akasema. "Wakubwa wangu walitaka tarumbeta mwanzo na tarumbeta mwisho, kama vipindi vingine. Mimi nikakataa. Nikawaambia, mgeni akija unamwambia karibu, akiondoka unamwambia kwaheri. Huwezi kumwambia neno moja mara zote mbili. Nikatafuta muziki wa kuagia. Nilisikiliza sahani nyingi sana za santuri, na hili zeze lilipolia nikajua ndilo. Maneno yake sikuyaelewa. Mimi kwetu Songea. Nilijua tu kwamba mtu huyu anamuaga mtu, au anamwita."

"Anaita," Pelagia akasema. "Lakini kwenye redio mnamkata."

"Muda wetu ni mfupi. Leo hatutamkata."

Akaitoa sahani kwenye bahasha yake ya karatasi, akaiweka, akateremsha sindano kwa uangalifu kama anayemlaza mtoto. Zeze likalia. Sauti ikamwita Masolwa, ikamwita Lugembe. Kisha ikaita Kabula. Ikalirudia jina hilo, ikaongeza maneno ambayo mama yao hakuyaimba kamwe, kwamba Kabula, nilikuja nyumbani nikakuta majani. Kabula, kama uko mahali, ninapiga hapa. Soud, aliyezaliwa Tabora na kukua na watoto wa Kinyamwezi, aliyaelewa yote. Aligeukia ukuta.

Pelagia alilia kwa mara ya kwanza tangu siku aliyomzika mumewe. Mtangazaji hakumwambia anyamaze. Alikwenda akaleta maji, akakaa chini sakafuni karibu naye, ingawa viti vilikuwapo.

"Yu hai?" Pelagia akauliza mwishowe.

"Wakati wa kumnasa sauti alikuwa hai. Gari letu lilizunguka mashamba ya mkonge mwaka jana, na mimi nilikuwamo. Yeye tulimkuta upande wa Kimamba, kambini, akiwapigia wenzake Jumapili. Tulimuuliza anataka nini kwa wimbo wake. Akasema, nataka muupige mara nyingi."

Soud akamgeukia Pelagia. "Kimamba tulipita, Mama Flavia. Kwenye treni."

"Basi turudi," akasema.

Kabla hawajatoka, Pelagia aliishika mikono ya mtangazaji, akaiinamia. Alimwambia kwamba kama angewasikiliza wakubwa wake, yeye Pelagia angekufa bila kujua. Mtangazaji akasema alichofanya ni kuchagua wimbo tu. "Na huko kuchagua," Pelagia akasema, "Mungu atakulipa, mimi siwezi."

Kutoka stesheni ya Kimamba walipata lori lililokuwa likirudi shambani. Kila lilipopunguza mwendo Soud aliwauliza watu wa njiani kuhusu Mnyamwezi mpiga zeze, na wote walimjua. Wakaelekezwa kwenye kambi ya vibarua, penye nyumba ndefu za vyumba vingi. Nje ya chumba cha mwisho alikaa mtu akisokota kamba, singa za mkonge zikiwa zimelundikana mapajani mwake. Nywele zake zilikuwa na mvi. Jicho lake moja lilikuwa limefumba kabisa, na la pili lilikuwa na ukungu.

Soud alibaki nyuma. Pelagia akaenda peke yake, akasimama mbele yake.

"Mwangaluka," akamwamkia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka," akajibu, mikono haikuacha kusokota. "Nani huyo wa kwetu?"

"Kaka, ni mimi, Kabula."

Mikono ikasimama. Lakini hakuinuka. Akasema polepole, "Watu hapa wanaujua wimbo wangu. Wako waliokuja kunitania. Kama wewe ni Kabula, niambie, mama akitwanga alikuwa akinirushia nini?"

"Pumba," akasema. "Ukikohoa anacheka zaidi."

Masolwa akaziweka zile singa chini. Akanyoosha mikono, na Pelagia akapiga magoti ili wawe sawa. Walishikana hivyo mavumbini. Majirani walitoka vyumbani wakasimama kutazama, na mwanamke mmoja Mmakonde, asiyejua hata neno moja la lugha yao, akaanza kupiga vigelegele, wengine wakamfuata.

Baadaye, wakinywa chai aliyoipika mwanamke huyo, walisimuliana. Mwiba wa mkonge ulimchoma Masolwa jichoni mwaka wa pili, na jicho la pili likafuata kuugua. Hata hivyo alipopata nafuu alirudi nyumbani. Hakukuta kijiji. Mahali pa nyumba yao palikuwa na majani marefu kuliko mtu, na kila makazi mapya aliyopelekwa aliuliza habari za Kabula, akaambiwa hakuna Kabula hapa, mwishowe akarudi mkongeni.

"Nilikuwa Pelagia," dada yake akasema. "Nilikuwa mjini, naitwa Pelagia."

"Tabora nililala usiku mmoja stesheni," Masolwa akasema. Halafu wote wawili wakacheka, kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya.

"Na mama?"

Pelagia akatikisa kichwa, akakumbuka kwamba kaka yake haoni vizuri, akasema, "Hayupo. Kabla hatujahamishwa. Alikuwa akikutaja."

Masolwa aliinamisha uso kwa muda. "Nilijua," akasema. "Ila nilikuwa sina mtu wa kuniambia. Asante kwa kuniambia."

Mwanzoni alisita kurudi naye. Alisema atakuwa mzigo kwa mjane. Pelagia alimjibu kwamba yeye alibebwa mgongoni miaka mingi na hakuambiwa ni mzigo, kwa hiyo asimletee maneno hayo. Soud akafunga zeze ndani ya shuka la Bi Saleha, na mambo yakawa yamekwisha.

Tabora walipokelewa na mtaa. Bwana Salmini alikuwapo stesheni na kanzu yake ya Ijumaa, na Masolwa alipotajiwa jina lake alimtafuta kwa mikono mpaka akampata. Akamwambia, "Bwana, nimesikia redio ni yako." Bwana Salmini, aliyekuwa mwepesi wa maneno katika biashara, alijibu tu, "Karibu nyumbani," akageuka kutafuta mizigo isiyokuwapo. Soud aliporudi tena pwani, alibeba debe la asali kutoka kwa Masolwa na Pelagia kumpelekea yule mtangazaji, asali nyeupe ya miombo, iliyochujwa na kufungwa vizuri isivuje njiani.

Masolwa alikaa kwa dada yake, akasokota kamba zilizopendwa na wafugaji wa punda. Flavia alimzoea upesi. Alimwita mjomba siku ya kwanza, na siku ya pili akaanza kumtuma. Kiangazi kilipoingia, Masolwa akaomba jambo moja: apelekwe mahali mama yao alipozikwa. Soud aliwafikisha kwa gari la duka hadi njia ilipokomea, kisha wakaenda kwa miguu, Pelagia mbele, mkono wa kaka yake begani kwake.

Pelagia alipatambua kwa kichuguu na mawe ya mafiga yaliyobaki. Walifyeka majani asubuhi nzima. Masolwa aling'oa kwa mikono yale yaliyoota juu ya kaburi lenyewe, akipapasa ili asiache hata shina moja, na Pelagia akayakusanya kando. Walipomaliza waliketi, wakala viazi na karanga walizobeba, wakamwaga maji kidogo juu ya udongo.

"Sema wewe," Masolwa akasema. "Wewe ndiye unayejua kusali."

Pelagia alikuwa ameandaa sala ndefu njiani. Alipofumbua kinywa yalitoka maneno machache tu, kwa Kinyamwezi: kwamba mama, tumefika, na tunashukuru. Masolwa akaitikia. Kisha akamuuliza kama nyuma ya kaburi bado kuna ule mti mkubwa wa mninga, naye akamwambia upo, una mizinga ya nyuki ya watu wasiowajua, na nyuki wanaingia na kutoka.